Marehemu Aliuliza Swali Kikaoni

Mshauri Leona mpendwa,

Nakuandikia nikiwa na aibu mpaka masikioni, lakini mficha uchi hazai, kwa hiyo nakumwagia yote na nakuomba uniokoe kabla ya Jumanne ya tarehe kumi na nne, kwa sababu siku hiyo wakaguzi wanakuja ofisini kwetu na mimi nimewaahidi watazungumza na mtu ambaye alishakufa.

Mimi ni mtunza vielelezo wa idara ya afya ya kaunti moja huku Nebraska, idara ya watu tisa na paa linalovuja, na kwa miaka minne tumekuwa tukiitafuta ithibati, yaani kile cheti kinachosema idara yenu inafanya kazi inavyopaswa, na bodi ya kaunti imeshatamka waziwazi kwamba tukikikosa tutaunganishwa na kaunti jirani na nusu yetu tutarudi nyumbani kulima nyanya. Kazi tunafanya, Mungu anajua, mwaka ule wa surua tulichanja watoto mia nne katika banda la nguruwe la uwanja wa maonyesho ya kilimo, nguruwe wenyewe wakitutazama, lakini hakuna aliyeandika kitu, na kanuni ya ithibati ni kwamba jambo ambalo halikuandikwa, likatiwa tarehe na saini, halikutokea. Kwa hiyo mimi nalipwa mshahara kuthibitisha kwamba yaliyotokea yalitokea.

Sasa, walitaka mihtasari ya vikao vinne vya kamati ya wananchi, nasi tulikuwa nayo mitatu. Kikao cha nne, cha Aprili, nilikiitisha mwenyewe, kikao cha mchana, nikapika chungu kizima cha chili, ule mchuzi mzito wa maharage na nyama, na nikanunua mikate ya mdalasini ya kulia, ikaanguka theluji ya inchi kumi na moja na hakuja hata mmoja, nikala bakuli tatu peke yangu na kufunga ofisi. Mwezi wa nane bosi akaanza kuuliza muhtasari wa Aprili uko wapi, na mkono wangu, mshauri, ukaandika wenyewe, nikanakili mahudhurio ya Januari, nikawagawia watu maneno, huyu alishukuru, yule aliafiki, na kwa kuwa kikao kisicho na swali hakiaminiki, nikampa swali LaVern Pospisil, mkulima wa mahindi, ambaye tangu nimfahamu hajawahi kukaa kwenye kikao bila kunyoosha mkono. Nikaandika kwamba Bwana Pospisil aliuliza ni lini visima vya mashariki ya mto vitapimwa sumu ya mbolea, kwa kuwa havijapimwa miaka kumi na moja, na kamati ikaahidi kulifuatilia.

LaVern alikufa mwezi Machi. Nilikuwepo mazishini, nilipeleka viazi vya kuoka na jibini, nikala nyama ya nguruwe sahani mbili, na bado sijui niliwezaje kusahau.

Katika kurasa mia tisa tulizowatumia, wakaguzi wameipenda hiyo moja. Wameandika kwamba ni mfano bora wa sauti ya mwananchi kusikilizwa, na wanaomba kukutana na Bwana Pospisil ana kwa ana. Bosi wangu, Renae, alikuja kutoka Omaha mwezi wa saba na hamjui mtu hapa, amefurahi kupita kiasi, ameniagiza nimhifadhie mzee nafasi ya kuegesha gari karibu na mlango. Nimemweleza nesi wetu Twyla peke yake, akacheka mpaka akakaa chini, kisha akasema, "Shoga, waambie kahamia Arizona kama wazee wote. Nani atakwenda kumtafuta jangwani?"

Ningefanya hivyo, lakini Alhamisi iliyopita mjane wake, Bi. Arlys, aliingia ofisini na karatasi mkononi, kumbe binti yake wa Lincoln ameukuta muhtasari wetu kwenye tovuti, nikajua nimekwisha. Hakuwa ameangalia tarehe. Alikuja kunishukuru. Alisema nyumbani LaVern hakuwa msemaji, na imemfariji kujua kwamba mbele za watu alisema jambo la maana, kisha akaniuliza, "Mwanangu, na majibu ya kisima yalitoka? Maana mjukuu wangu amehamia kwangu na kichanga chake cha wiki sita, na maziwa ya chupa tunayakoroga kwa maji hayohayo." Nikamwambia suala hilo linafuatiliwa, nikampa kalenda yetu ya chanjo, akaondoka.

Sasa nauliza, nimwache LaVern ahamie Arizona, au ajiuzulu kwenye kamati, au nirekebishe muhtasari kimyakimya na kumtoa? Nikisema ukweli cheti kimekwenda, na kazi za watu tisa zimekwenda kwa ajili ya mkono wangu. Nisaidie, hata chakula hakishuki.

Mtunza Mafaili, Nebraska

LEONA ANAJIBU

Mtunza Mafaili, nakutumia jibu hili leo kabla halijaingia gazetini, na sababu utaiona.

Nimecheka, sikufichi. Nilipofika kwenye nafasi ya kuegesha gari nilivua miwani nikajifuta macho. Halafu nikafika kwa Bi. Arlys na nikaacha kucheka.

Kabla gazeti halijaniajiri nilikuwa karani wa baraza la mji kwa miaka ishirini na sita, kwa hiyo habari za mihtasari usinieleze. Nimewahi kuandika kwamba mjumbe aliyekoroma alisikiliza kwa utulivu. Nimewahi kuandika kwamba pande mbili zilibadilishana mawazo, siku ambayo upande mmoja ulimrushia mwenzake kiatu. Karani hupamba kidogo, ndiyo kazi. Lakini kuna kupamba na kuna kufufua, na wewe hukuwa na ruhusa ya kufufua.

Arizona ifute. Njia ya mwongo ni fupi, na katika kaunti kama yenu haifiki hata kona ya kwanza. Mkaguzi atashuka kununua kahawa kwenye kituo cha mafuta, atataja jina la LaVern, na binti wa kwenye kaunta atamwonyesha makaburi kupitia dirishani. Na Twyla asikudanganye. Yeye ni nesi, akifukuzwa leo kesho ana kazi mbili. Mtu anayetafuta kazi kwa sifa ya kuandika vikao ambavyo havikuwepo ataajiriwa na nani?

Sasa nikugombeze, maana umeniandikia barua ndefu na umeuliza kitu kidogo. Lile swali la visima halikuwa la LaVern. Ni lako. Ulikuwa unajua ni miaka kumi na moja, hesabu hiyo haikutoka kwenye chungu cha chili. Umekaa ofisini humo na swali zuri kuliko yote ndani ya kurasa mia tisa, ukaogopa kulitoa kwa mdomo wako mbele ya bodi ya wakulima wa mahindi wanaomwaga mbolea hiyohiyo, ukamtwika marehemu kwa sababu hawezi kugombana na mtu. Wakaguzi hawakukosea kulipenda. Hata mimi nimelipenda.

Kisha swali hilohilo likakurudia kwa miguu yake, limevaa koti, limesimama mbele ya meza yako, likakwambia kuna kichanga cha wiki sita. Nawe ukalikabidhi kalenda ya chanjo. Dada, wewe ndiye idara ya afya. Unajua kuliko mimi mbolea hiyo ikizidi kwenye maji inavyomfanya mtoto wa chupa, damu inashindwa kubeba hewa na midomo inageuka samawati. Unajua pia kwamba Bi. Arlys, kama bibi yeyote mwenye akili, ataona dawa ni kuyachemsha, na kuyachemsha kunazidisha sumu hiyo. Ulijua hayo yote na ukasema linafuatiliwa.

Usijifiche nyuma ya wenzako wanane. Sijui kama mtapata cheti. Nimempigia rafiki aliyepitia ukaguzi kama huo huko Kansas, anadhani idara inayojitaja yenyewe kabla ya kushikwa hupewa muda wa kurekebisha, lakini hakuniahidi, nami sikuahidi. Inawezekana utafukuzwa. Umelikoroga, utalinywa, na utakuwa hai baada ya kulinywa. Ningekuwa mimi ndiye wa kuamua kuunganisha kaunti, kosa la kikao cha theluji ningelisamehe asubuhi hiyohiyo. Kosa la kumwacha mama yule aondoke na kalenda nisingelisamehe, na hilo hakuna mkaguzi atakayelikuta kwenye faili lolote, kwa sababu hukuliandika.

Kwa hiyo fanya hivi. Leo, si Jumatatu, nenda kwa Bi. Arlys na chupa ya kuchukulia maji ya kupima. Kaa jikoni kwake umwambie LaVern hakusema maneno yale, uliyaandika wewe, na uliyaandika akiwa ameshazikwa. Ataumia. Umempa kitu cha kushika na sasa unamnyang'anya, kwa hiyo usilie wewe kwanza ukamfanya akubembeleze. Akikufukuza, ondoka na chupa ikiwa imejaa. Ukitoka hapo nenda kwa Renae, funga mlango, mweleze bila Twyla na bila machozi. Kisha nyie wawili muwaandikie wakaguzi kabla hawajafunga mizigo yao: muhtasari wa Aprili si wa kweli, ilianguka theluji, hakuja mtu, tunauondoa. Wiki hii hii mpange kupima visima vyote vya mashariki ya mto, na mbele ya bodi swali hilo ulitetee wewe, kwa jina lako.

Maabara itachukua siku kadhaa kutoa majibu, na mtoto atanyonya chupa jioni hii. Basi kabla hujafika kwa Bi. Arlys pitia dukani, nunua madumu ya maji safi ya kutosha wiki mbili, uyabebe mwenyewe mpaka jikoni kwake, na usimwombe saini.