Hoja Niliyoiunga Mkono

Mtaa wa Tamarack, nambari 14,
Halvor Falls, Minnesota.
Jumapili, 12 Novemba 2023.

Mpendwa Shangazi Borghild,

Natumaini jua la Arizona linaendelea kukutunzia vidole, na kwamba sasa unaweza kushika kalamu bila maumivu. Baba anasema kwenye simu ulicheka sana safari hii, nikafurahi. Sisi huku tu wazima. Ziwa halijaganda bado, lakini Baba ameshakipaka rangi kibanda chake cha kuvulia samaki juu ya barafu na kila asubuhi anakwenda kulitazama ziwa kama vile linamchelewesha makusudi.

Mimi mwili wangu ni mzima. Moyo ndio umejaa hasira, na nimeona nikuandikie wewe kwa sababu uliketi katika Seneti ya chuo hiki miaka kumi na tisa.

Wanaifunga Idara ya Jiolojia. Idara yako, Shangazi, na sasa yangu. Tangazo lilitoka tarehe mosi, aya mbili tu kutoka ofisi ya rais wa chuo. Wanafunzi wetu kumi na mmoja wataambiwa wahamie kwingine. Mmoja wao, Darla Nystuen, ambaye baba na babu yake wote walichimba chuma, alikuja ofisini kwangu akauliza kama mawe ya kabatini nayo yatahamishwa.

Utauliza Seneti ilikuwa wapi, maana wakati wako hakuna idara iliyoweza kufungwa bila kura ya wahadhiri. Nilikwenda kumuuliza hilo hilo Profesa Whitcomb Rask, mwenyekiti. Alinikaribisha kiti, akanimiminia kahawa, akafungua kumbukumbu za kikao cha Oktoba.

“Binti yangu,” akasema, “kifungu hicho tulikibadilisha. Siku hizi rais anaiarifu Seneti, haiombi kura. Na aliyeunga mkono hoja ni wewe. Jina lako hili hapa.”

Ni kweli. Unalikumbuka lile fungu la mambo madogo yanayopitishwa kwa pamoja, bila mjadala, mwanzoni mwa kikao? Oktoba yalikuwa kumi na manne: tarehe za mitihani, jina jipya la maktaba, ratiba ya maegesho. La kumi na moja liliitwa “marekebisho ya lugha, kifungu cha saba.” Theluji ya kwanza ilikuwa imeanza kuanguka, kila mtu anatazama dirishani akifikiria barabara. Rask akauliza nani anaunga mkono. Nikanyoosha mkono ili tumalize mapema twende nyumbani. Sikuwa nimesoma ukurasa hata mmoja.

Nimejichukia kwa hilo usiku na mchana. Lakini nawachukia zaidi walioandika maneno yale wakijua kwamba hatusomi. Walitutegemea tuwe wachovu, nasi tukawa wachovu.

Na nina hasira na wewe pia, nisamehe. Barua yako ya Septemba ilinishauri ninyamaze kwenye vikao mpaka nipate ajira ya kudumu, nisimkwaze mtu. Nilinyamaza. Mara moja tu nilifungua mdomo, na ilikuwa kusema naunga mkono.

Marguerite Pelkey wa hisabati ndiye aliyenionyesha njia. Alikuja Jumatano na kitabu cha kanuni chini ya kwapa, akanikuta nimejiinamia mezani.

“Wewe, acha kununa,” akaniambia. “Uamuzi wa kubadilisha kifungu unaweza kurudishwa mezani katika kikao kinachofuata tu. Na anayeruhusiwa kuurudisha ni mtu aliyepiga kura ya ndiyo. Mimi siwezi, siku ile nilikuwa kwa daktari wa meno nang’olewa jino. Wewe ulikuwepo.”

Tukapiga hesabu ya waliosema ndiyo: ishirini na sita. Nikawaendea wale wenye ajira ya kudumu, ambao hakuna anayeweza kuwagusa. Mmoja alisema ana watoto wawili chuoni. Mwingine alisema mambo haya yana wakati wake. Wa tatu, uliyemfundisha wewe mwenyewe, alinishika bega akasema, “Tutakupigia kura, dada, lakini usitutaje.” Watu wazima, Shangazi, wenye ofisi zenye madirisha mawili.

Kwa hiyo ni mimi. Kikao ni Alhamisi hii. Faili langu la ajira linasomwa Machi, na anayeongoza kamati hiyo ni Rask. Najua maana yake. Hata tukishinda, kifungu cha zamani kikarudi na idara ikabaki, huenda mimi nisibaki.

Nitasema pia kwamba kuanzia sasa hakuna badiliko la kanuni litakaloingizwa kwenye lile fungu. Kila moja lisomwe kwa sauti, hata kama kuna theluji.

Tafadhali usiniandikie nisubiri. Nimekuwa nikiifanyia mazoezi sentensi yangu jikoni: “Nilipiga kura ya ndiyo bila kusoma, na naomba Seneti iurudie uamuzi huo.” Sauti inanikatika pale kwenye “bila kusoma,” kila mara. Haidhuru. Itakatika mbele yao wote, na katibu atalazimika kuiandika.

Nisalimie Mjomba Ansel na binamu Tove, na mwambie Tove picha za mtoto zimefika. Baba amezibandika kwenye jokofu. Yeye na Mama wanakusalimu. Mungu akupe usingizi mnono na mikono isiyouma.

Ni mimi nikupendaye, hata nikiwa na hasira,
Solveig