Mama, Usiogope Wembamba Wangu

Majengo, Nyeri
14 Juni 1998

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu mimi mwanao Miriti, na kutoka kwa Wacera na watoto. Mgongo wako unaendeleaje na baridi hii? Huku jua halijaonekana tangu Jumatatu. Ukungu unashuka mpaka kwenye mabati, na nguo za watoto tunazikausha juu ya jiko. Natumaini huko Nkubu mmepata angalau jua la kuanika maharagwe, na kwamba yule ng'ombe mwekundu amezaa salama. Sisi tu wazima kwa sasa. Nimesema kwa sasa makusudi, na utaelewa ukifika mbele.

Nakuandikia kwa Kiswahili chetu cha Nanyuki, kile tulichozoea wakati marehemu Baba akipika katika kambi ya askari, ili uisome barua hii mwenyewe. Tafadhali usimpe mjukuu wako Kagwiria akusomee jikoni kama barua zile nyingine. Vaa miwani, keti penye mwanga, usome peke yako. Hakuna aliyekufa. Nimetanguliza hilo kwa sababu najua moyo wako ulivyo tangu tumzike Mutuma.

Unakumbuka nilivyokuwa siku ile ya mazishi, miaka mitatu iliyopita. Ndugu yangu alikuwa amebaki mifupa ndani ya sanduku, nami niliyebeba upande wa kichwa nilikuwa mtu wa kilo mia na zaidi, nikitokwa na jasho na kuhema kama niliyebeba gunia la viazi. Nilisikia majirani wakikufariji kwamba Mungu amekuachia mmoja mwenye mwili. Maneno yale yalinipendeza wakati huo. Sikujua kwamba mwili wenyewe ndio uliokuwa unaniua.

Baadaye mwaka ule ule nilijikwaruza muundi kwenye chuma cha cherehani, kidonda kidogo tu, kikakataa kupona. Ndipo nikaenda kliniki na Daktari Mutahi akanipima, akaniambia nina ugonjwa wa sukari. Hakunificha kitu. Alinionyesha mzee mmoja kwenye benchi la nje aliyekatwa mguu kwa ugonjwa huo huo, akaniambia nichague. Akasema nisitafute dawa ya mwezi mmoja, kwa maana hakuna. Wengi huanza kwa bidii, alisema, kisha mwaka wa pili wakachoka na kurudia sahani za zamani, na hao ndio anaowaona wakirudi wakisukumwa kwa viti.

Kilichonishika njiani ni woga, Mama, si ushujaa. Kila asubuhi kabla ya kufungua duka nilitembea kutoka hapa Majengo, nikishika barabara ya kwenda Tetu, mvua inyeshe isinyeshe. Niliacha sukari kwenye chai. Niliacha mandazi ambayo mafundi wenzangu hula saa nne, nikakaa nao hivyo hivyo nikimeza mate. Ugali ukawa wa kadiri ya ngumi yangu, sukuma wiki ikajaza sehemu iliyobaki. Kazi ngumu zaidi ilikuwa kwa wakwe zangu Endarasha, ambako mtu akikataa kuongezwa mukimo wao wa viazi vya kuponda wanadhani amekasirika. Siku nyingine nilirudi nyuma. Kuna harusi moja ambayo nilikula kama mtu aliyetoka jela, kesho yake nikaona aibu hata kuvaa viatu vya kutembelea. Lakini nilivivaa.

Mwili ukapungua polepole. Suruali nilizibana mwenyewe kwa mashine yangu, mara ya kwanza, mara ya pili, mpaka mifuko ya nyuma ikakaribia kugusana na nikashona nyingine. Kidonda kikapona. Kufikia katikati ya mwaka jana mwili ulikuwa umesimama mahali pamoja, haupungui wala hauongezeki, na daktari akasema hapo ndipo alipotaka.

Lakini unajua siku hizi mtu akikonda watu wanafikiria nini. Hakuna aliyelitaja jina. Walisema tu "ule ugonjwa." Mama mmoja alikuja kuchukua kitambaa chake kabla sijakikata, akasema amebadilisha nia kuhusu gauni, halafu nikaliona gauni lenyewe limeshonwa na fundi wa pili kutoka kwangu. Kanisani nafasi iliyo kando yangu ikawa haijai. Nilijaribu kueleza habari ya sukari, na kila nilivyoeleza ndivyo walivyoniangalia kwa huruma zaidi, mpaka nikanyamaza.

Ndipo ukaja wewe Krismasi. Ilikuwa mara yako ya kwanza kuniona tangu nipungue. Nilikueleza kwamba ni sukari, ukaitikia kwa kichwa, wala hukuuliza kitu. Siku zote tatu ulizokaa ulinitazama nikila kuliko ulivyotazama sahani yako. Ukarudi Nkubu, nami nikadhani umeniamini.

Mwezi wa pili kitu kikaanza ambacho sikukielewa. Nilikuwa sijaacha mwendo, sijaonja sukari, na bado nikaanza kukonda tena. Safari hii haikuwa kama mwanzo. Ilikuwa kama mtu aliyefungua bomba. Nilikunywa maji mtungi mzima na ulimi ukabaki mkavu. Choo nilikwenda mpaka wapangaji wenzangu wakanung'unika. Macho yaliingia ukungu, nikashindwa kutia uzi kwenye sindano, nikamwita Wacera anitilie. Hata kola za shati zikaanza kunizunguka shingoni. Wacera alikuwa akinipikia uji mchachu wa wimbi asubuhi na jioni, akisisitiza nimalize. Siku moja nilimwambia uji una utamu. Akanijibu kwamba ni wimbi jipya. Nikafikiri labda kwa vile nimeacha sukari muda mrefu, ulimi wangu sasa unaona hata kabichi ni tamu.

Sasa nikuambie woga wangu wenyewe. Mutuma hakufa kwa kifua, Mama. Alikufa kwa ukimwi. Ile miezi aliyokaa kwangu hapa Nyeri, daktari aliniambia mimi peke yangu, na Mutuma akaniapisha nisikuambie, akisema ni heri umlilie bila neno hilo. Nami nilikuwa nikimwosha na kumnyoa. Siku moja wembe uliteleza ukamkata kidevuni, na katika kubabaika nikajikata kidole gumba. Niliiona damu yake na yangu zikichanganyika juu ya kitambaa. Wakati ule sikufikiria sana. Lakini mwezi wa pili mwaka huu, nikiwa nimesimama na kanda ya kupimia kiunoni mwangu, niliuona wembe ule mbele ya macho yangu kama umechomolewa leo.

Nikaacha kwenda kliniki. Nilijiambia kwamba nikipimwa wataliona, na wakiliona litakuwa kweli. Nilitembea mbali zaidi, nikapunguza hata ule ugali mdogo, nikidhani labda nimekosea mahali. Wacera akaona ninazidi kukonda, akazidi kunijazia kikombe. Tulikuwa tunaogopa kitu kimoja ndani ya chumba kimoja, na hakuna aliyefungua mdomo.

Mwishoni mwa mwezi wa nne nilianguka barabarani nikipanda kilima. Akina mama waliokuwa wakipeleka maziwa walinikuta nimelala ukingoni, napumua kwa nguvu na siwezi kutaja jina langu. Walinipakia kwenye pikapu katikati ya mitungi ya maziwa. Nilipopata fahamu nilikuwa wodini, mpira wa maji mkononi, na Daktari Mutahi amesimama akiwa na hasira ambayo sijawahi kuiona kwake. Aliniambia sukari yangu ilikuwa juu kiasi cha kuua, akaniuliza ninamdanganya nani. Niliapa kwamba sijaonja hata kijiko. Hakuniamini. Na la kutisha zaidi, walinidunga sindano siku baada ya siku, na sukari ikishuka asubuhi, jioni inapanda tena.

Daktari akasema basi achunguze kila kitu, akaomba ruhusa yangu apime damu kwa ule ugonjwa pia. Kisha nikamsimulia habari za wembe. Alinisikiliza, akasema hatari ya namna hiyo haikuwa kubwa, lakini dawa ya wasiwasi ni kujua. Nikakubali. Majibu yalichukua zaidi ya wiki. Mama, sitaki kukueleza wiki hiyo. Nililala nikitazama ukuta. Kila muuguzi aliyeingia na karatasi nilidhani imebeba jina langu.

Majibu yalikuja mchana, Wacera akiwa amekaa kwenye stuli ameleta uji kwa thamosi kama kila siku. Daktari alivuta pazia, akasema damu yangu ni safi, sina ukimwi, nina sukari tu kama alivyosema tangu mwanzo. Nilichukua thamosi ili nipate pa kushika, nikamimina uji, nikaupeleka mdomoni. Wacera akarukia kikombe akanipokonya. Uji ukamwagika kitandani mpaka kwenye viatu vya daktari. Akapiga magoti pale pale akilia kwa sauti mpaka wodi nzima ikageuka.

"Usikunywe!" alisema. "Niko na glukosi nimeweka. Kila siku nimekuwa nikiweka. Mimi nilifikiria ni ile kitu ya Mutuma, nikasema angalau upate nguvu."

Daktari alimuuliza glukosi hiyo, ule unga wa makopo wanaopewa wagonjwa, ilitoka wapi. Wacera hakutaka kusema. Aliniambia baadaye, daktari alipokwisha ondoka. Ndiyo sababu kalamu imekuwa nzito mpaka hapa, maana najua unajua nitakachoandika.

Ni wewe, Mama. Alisema kwamba siku ile ya kuondoka baada ya Krismasi ulimvuta kando ya bomba la maji, ukamkabidhi makopo mawili, na mengine ukawa unayatuma ndani ya vifurushi vya ndizi. Ulimwambia anitilie kwenye uji na asiniambie, kwa vile ningekataa. Naye alipokutajia kwamba daktari amekataza sukari, ulimjibu: "Hata Mutuma tuliambiwa ni kifua. Mimi niliosha ile maiti, Wacera. Najua nilichozika, na sitazika kingine."

Maneno hayo yamenikosesha usingizi kuliko glukosi yenyewe. Miaka mitatu nimebeba siri ya Mutuma kama kaa la moto ili lisikuunguze, kumbe lilikuwa mikononi mwako tangu siku ya kwanza. Wewe ukidhani unanisitiri mimi, mimi nikidhani nakusitiri wewe. Na kwa sababu tuliuita ugonjwa wake kifua, nilipokuambia sukari ulisikia jina jingine la kufichia. Ungesikiaje tofauti?

Sina kinyongo, Mama. Nakuandikia hivyo kwanza, ndipo uendelee kusoma. Mtu anayemwona mwanawe wa pili anakonda kama wa kwanza, asipofanya kitu, si mzazi. Wacera naye nimemwambia hivyo hivyo. Yeye alikwenda kupimwa damu wiki iliyofuata bila mimi kumwomba, naye yu salama.

Nilitoka hospitali tarehe ishirini ya mwezi uliopita. Sasa najidunga sindano asubuhi na jioni. Daktari anasema labda nitarudi kwenye vidonge, labda sitarudi. Macho yameanza kutulia, uzi natia mwenyewe. Vidole viwili vya mguu wa kushoto vimekufa ganzi na hajui kama vitaamka, kwa hiyo kila siku Wacera huikagua miguu yangu kama anayetafuta funza. Nimeanza kutembea tena, si mbali, mpaka penye kona ya kwanza tu. Wacera anatembea nami. Juzi yule mama wa gauni alitukuta njiani, akatuuliza tunakimbizwa na nini asubuhi hii, na Wacera akamjibu kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo ya barabara kwamba mume wake ana ugonjwa wa sukari, na kama ana swali lingine aje nyumbani aulize. Sijui kama ameamini. Wengi bado hawaamini, na nafasi ile kanisani bado haijai.

Nami bado naogopa. Nikifungua macho asubuhi naogopa. Naogopa sahani, naogopa njaa, naogopa mwaka wa pili mwingine na wa tatu, kwa maana daktari alinieleza kwamba safari hii haina mwisho wa kufika na kupumzika. Lakini huu ni woga wenye jina, Mama, na jina lake ni la kweli.

Nakuomba uje mwezi wa nane shule zikifungwa. Usibebe makopo. Uje na ndizi chache, na sukuma wiki ya shamba lako. Keti mezani utuone tunavyokula, kisha jioni tukae sote tumwongelee Mutuma na ugonjwa wake, tutaje jina lake na jina la ule uliomuua, mara moja, bila kunong'ona. Sijui itakuwaje. Sijawahi kulitamka neno lile mbele yako.

Na utakaponiona, utaniona mwembamba. Mwembamba kuliko Krismasi. Usinihesabu mbavu, Mama. Nishike mkono usikie ulivyo na joto.

Wacera anakusalimu sana, na anaogopa kukutazama usoni, kwa hiyo ukija mwite wewe kwanza. Watoto wanauliza ndama ataitwa nani. Nisalimie Kagwiria, na majirani wote wa huko juu. Mungu akulinde usiku na mchana mpaka tuonane.

Ni mimi mwanao, niliye hai,

Miriti