Usifungue Nailoni

Baba Sekela,

Ugonile. Kwenu Tukuyu salamu hiyo ni kuuliza kama mtu amelala, na sasa wewe ndiye mtu pekee ambaye jibu lake nalijua. Mimi silali.

Kitalu kipo, usihangaike. Miche ya parachichi nimemwachia wifi huko Igowole, anaimwagilia kama anazima moto. Niko Mbeya, hospitalini, na mwanao.

Bodaboda ilimwangusha njia ya Mafinga. Mfupa uliunga, ila kidonda cha mbele ya mguu kikagoma. Tumekiosha, tumekiombea, wifi kaleta majani yake. Hapa wakatuambia bila kuzunguka: kisipoota nyama, mguu unakatwa chini ya goti.

Basi kuna daktari mmoja, mama mtu mzima, anajaribu kitu kipya. Ni kipande chembamba kama sponji, kinalazwa ndani ya kidonda. Juu yake wamepachika protini ya ukuaji, ile inayoziita seli za mwili zije ziote pale. Anasema ukiidondoshea tu, majimaji ya kidonda yanaiosha kabla haijafanya kazi. Ndiyo maana wanaifunga kwenye sponji yenyewe, na lazima ule upande wake wa kusemea utazame nje. Ikigeuka, ipo, lakini bubu.

Nikamuuliza, hiyo si kubebesha, kama tunavyounga kikonyo cha mti mmoja kwenye mche wa mwingine? Nikamsimulia kile kikonyo ulichokifunga kichwa chini siku uliyotoka kilabuni, ukakaa unakisifia ukijani wiki nzima. Alicheka mpaka akavua miwani. Halafu akanisahihisha: kwenye parachichi tunaleta mti mwingine, hapa haletwi mtu. Nyama itakayoota ni ya Sekela mwenyewe, sponji itayeyuka iende zake. Nikayarudia maneno yake chinichini, midomo inacheza.

Shida yangu ni bandeji. Haifunguliwi mpaka afungue yeye. Na wewe ndiye shahidi wa mikono hii. Kila mche uliofunga nailoni pale kwenye maungio nilikuwa naulegeza nichungulie kama umeshika, ukanyauka, nikasingizia jua. Nawe ukisema, "Mama Sekela, kikonyo hakioti kwa kukodolewa macho." Mwisho ukahamishia miche nyuma ya banda la nguruwe, ukijua siwezi ile harufu.

Hapa hakuna banda la nguruwe. Nanusa bandeji. Nagusa goti kama lina joto. Naenda dirishani, narudi, nanusa tena. Juzi Sekela alishtuka usingizini mchana akakuta mkono umefika kwenye pini. Mkono wangu, siyo wake. Akaniambia, "Mama, kaa." Kwa sauti yako ileile, Baba Sekela, ya chini, isiyobembeleza. Nikakaa. Nikalia kidogo, nikasingizia dawa ya kudekia.

Ana miaka ishirini. Anataka kurudi kusimama shambani, na mimi nataka asimame kwa miguu yake yote.

Kesho asubuhi daktari anafungua. Nikiona nyama nyekundu mbichi, nitakuja kaburini kukuambia kabla wifi hajasikia. Nikiona vingine, nitakuja vilevile, na safari hii huna banda la kujifichia.

Ila mpaka kesho sigusi. Mikono nimeifunga ndani ya khanga, kwa fundo lako la kitaluni, lile la kubana bila kunyonga. Limeshika.

Wewe lala, mume wangu. Zamu ya kungoja ni yangu.

Mama Sekela