Picha Ilisema Hana Kitu

Jumapili, 22 Agosti 1999

Nzula amenitoa roho sasa hivi. Alikuwa kwa mkeka na susu yake wakichagua mbaazi. Susu anatupa mawe, yeye anayarudisha kwa ungo na kucheka. Kumbe mdomo umejaa mbaazi! Susu akamtekenya vile anamtekenyanga kila siku, mtoto akavuta hewa – na akanyamaza. Macho tu. Uso ukawa kama majivu. Susu akamgeuza kichwa chini, akampiga mgongo. Mbaazi mbili tatu zikaruka. Akakohoa, akakohoa, halafu akalia. Sikujua kilio kinaweza kuwa kitamu hivyo.

Sasa yuko chini ya meza anavisha gunzi leso yangu. Susu anasema hizo zingine amezimeza, kesho zitatoka kwa poti na tutazipanda, mbolea ziko nayo tayari. Nimecheka mpaka tumbo likanivuta. Mimba ya miezi sita hii, silazimishi kucheka.

Susu ni mama ya Mulinge, bwanangu. Alikuja juzi juzi kutoka Makueni na gunia la mbaazi, akae hadi nijifungue. Nzula ni jina lake, mtoto alipewa vile sisi Wakamba hufanya, msichana wa kwanza kwa mama ya baba. Basi Mulinge anaita msichana wake mwaitu, mama yangu, na anaita mama yake mwaitu. Na susu akiwa na furaha ananiita mimi mwaitu. Anasema nilimzaa, si Nzula ni yeye? Jana alisimama kwa mlango akasema, mwaitu, mtoto wako analala njaa, na ni yeye alikuwa anataka chai. Chumba kimoja, mwaitu watatu.

Jumatano, 25 Agosti

Nzula anakohoa. Kavu. Susu anasema ni vumbi. Kitengela mwezi wa nane, mtoto gani hakohoi? Amempaka mafuta ya mbuzi. Nyumba yote inanuka beberu.

Lakini akilala kuna kitu kama filimbi. Mbali, ndani.

Jumamosi, 28 Agosti

Homa. Mulinge aliacha kuchonga mawe tukaenda kliniki ile ya barabarani iko na mashini ya picha. Nilimwambia daktari juu ya mbaazi, kila kitu, na vile alikuwa kama majivu. Akasema picha itatuambia.

Mimi nilizuiwa mlangoni. Picha si nzuri kwa mtoto wa tumboni. Mulinge akaingia naye. Kwa baba yake hata haliangi, alikaa tuli kama yuko kanisani, mtu wa picha akamsifu.

Nimeona kifua cha mtoto wangu! Mbavu ndogo ndogo, kama meno ya kitana. Moyo kama kiazi. Daktari akaonyesha na kalamu, nyeupe ni mfupa, nyeusi ni hewa, nyeusi ndiyo nzuri. Akasema picha ni safi.

Halafu akasema kingine. Kikohozi kikipita wiki mbili, ama homa ikirudi, tumrudishe. Na mbavu zikianza kuvutwa ndani akipumua, ama midomo iwe myeusi, tusingoje hata saa moja. Lakini Mulinge alikuwa ameshasimama, anavaa kofia. Alisikia ile safi. Hata mimi, kusema ukweli, nilitaka kusikia hiyo peke yake.

Nikauliza, na mbaazi? Akasema, kama ingekuwa huko ndani tungeiona.

Jumapili, 29 Agosti

Susu alienda na picha kanisani! Kwa bahasha yake kubwa, akaitoa wakati wa ushuhuda. Pasta akaiinua dirishani na kanisa lote likaona mbavu za Nzula. Haleluya. Mzee Ndambuki akauliza hii nyeusi yote ni nini, nikasema ni hewa, ndiyo nzuri. Akasema yeye akipigwa yake itatoka nyeusi kabisa na haitakuwa hewa. Watu wakavunjika mbavu.

Nzula alicheka kwa sababu watu wanacheka. Kisha akakohoa.

Jumatatu, 6 Septemba

Dawa ya kliniki imeisha na homa imeenda. Anakula. Amenipiga na kijiko kwa kichwa, huyo ndiye Nzula ninamjua. Mungu asante.

Mulinge ameweka picha kwa dirisha na misumari, pale kioo kilivunjika. Asubuhi jua likipita mbavu zinaanguka kwa blanketi yetu.

Filimbi iko. Nimenyamaza nayo.

Alhamisi, 16 Septemba

Homa imerudi jana jioni. Leo nimeng'oa picha kwa dirisha, nikamfunga Nzula mgongoni, nikaenda. Yule daktari hayuko. Kuna msichana, mzuri tu, hana madharau. Nikamwambia wiki mbili zimepita, na mliniambia nirudi. Akaangalia picha, akaangalia kadi. Akasema lakini mama, picha ilikuwa safi. Nikasema mbaazi. Akasema haionekani hapa.

Nimerudi na chupa ya dawa, rangi nyingine.

Mimi nilifika darasa la saba. Yeye ameshika picha, mimi nimeshika mtoto.

Jumamosi, 18 Septemba

Leo nimelitoa neno lenyewe. Tulikuwa tunakula, Mulinge ametoka machimboni. Nikasema nafikiri mbaazi moja haikumezwa, ilienda njia ya hewa na bado iko. Nilisema polepole. Sikusema nani alimtekenya. Haki sikusema.

Susu akaweka sahani chini. Akasema, "Huyo mtoto ni mimi. Nitajiua mwenyewe?"

Mulinge aliangalia ugali, akaangalia mama yake, halafu akaniambia, "Picha haisemi uongo, Mbeke." Si kwa ukali. Angekuwa mkali ningepata la kusema.

Susu hajamaliza chakula. Amebeba gunia la mbaazi mwenyewe, akaliweka nje kwa baridi. Nzula akamfuata akitambaa na makalio, akimwita, na susu hakugeuka. Siku yake ya kwanza kukataa kumbeba mgongoni.

Jumatatu, 20 Septemba

Susu haniiti mwaitu. Ananiita wewe. Wewe, maji yamechemka.

Mulinge amerudi machimboni, analala huko hadi Jumamosi. Nilimshika shati nikamwambia kuna hospitali ya Kajiado, watoto wanaangaliwa huko. Akasema mwisho wa mwezi tutaona. Alimbusu Nzula kwa kichwa. Nilimwona ameweka sikio kidogo, kwa kifua, akijifanya anamnusa. Akaenda haraka.

Jumatano, 22 Septemba

Jirani yetu Mmaasai, Naeku, ameleta maziwa. Tumesalimiana Kimaasai, sopa, epa, na mtoto je. Nilimwambia sikiliza. Aliweka sikio upande mmoja akangoja, akaweka upande mwingine, akangoja zaidi. Shanga zake zikamfurahisha Nzula, akazivuta. Naeku akasema upande huu kuna upepo, huu mwingine kuna mtu amejificha nyuma ya mlango. Akacheka kunipa moyo. Akasema ndama wake hawapigwi picha, yeye huweka sikio tu. Dada yake alipeleka mtoto Kajiado kwa daktari mwanamke, anakuwanga huko Alhamisi.

Susu alikuwa anafua. Alisikia yote. Alifua ile leso moja mpaka nikafikiri itatoboka.

Alhamisi, 23 Septemba. Kajiado, kwa benchi

Asubuhi nilifungua nguo ya Nzula nimpanguse na nikaona mbavu. Zinaingia ndani akivuta hewa. Ngozi inanyonywa katikati. Ile tuliambiwa tusingoje. Nikaanza kutafuta kiatu na sioni kiatu, nikasema Mulinge hayuko, nitafanyaje, nitaenda aje. Susu alikuwa ameshamfunga mgongoni. Ananiambia, "Twende huyo daktari wako akuambie hakuna mbaazi." Ameshika mlango. Hata picha alikuwa ameibeba, chini ya kwapa.

Tulipofika Isinya nilimnywesha maji kwa kijiko, yakarudi.

Daktari anaitwa Nakhumicha. Ni mdogo kuliko nilivyofikiria na ametuona mbele ya watu wote, hakuna aliyenung'unika walipomsikia Nzula akipumua. Alimwekea mpira wa hewa kwa pua. Akasikiliza. Upande wa kulia alirudia mara tatu. Akauliza kama amewahi kusakamwa. Nikafungua mdomo, nikaona susu, nikaufunga.

Susu ndiye alisema. Alisema mbaazi, alisema ni yeye alimtekenya. Akiangalia ukuta.

Daktari hakumlaumu. Aliweka picha yetu kwenye taa, iko na matundu ya misumari pembeni. Nilingoja aseme ni mbaya, wale wa kliniki walikosa. Hakusema. Alisema ni picha nzuri. Akaniambia mimi, si kama mtu anasomea mtoto, kama mtu anaongea na mtu: "Safi maana yake ni hatukuona kitu. Si kwamba hakuna kitu."

Alisema mbaazi ni kama nyama, picha inapita ndani yake, haiwezi kuionyesha. Hata wangepiga mara kumi. Kinachotafutwa si mbaazi, ni hewa imefungiwa nyuma yake. Mtoto akivuta, hewa inapenya. Akitoa, mbaazi inaziba. Sasa Nzula alipigwa akiwa ametulia, amejaza kifua, pande zote zimejaa, zote nyeusi, zote nzuri. Lazima apigwe akitoa pumzi. Hapo upande wenye afya utapungua, na ule mwingine, kama umefungwa, utabaki umejaa vile vile. Ile nyeusi tulishukuru Mungu kwayo kanisani!

Lakini mtoto wa umri huu utamwambia aje toa pumzi? Daktari akasema, "Akilia anatoa. Kwa hivyo alie, na asinyamazishwe."

Nikasema nitamshika. Akaangalia tumbo, akatikisa kichwa.

Basi ni susu.

Amemwangalia daktari kama ametukanwa. Yeye hajawahi kuacha mtoto alie mikononi mwake. Saba alizaa, na wa majirani. Alimchukua tu, akaingia, mlango ukafungwa.

Mimi nje. Kilio kilianza mara moja, mashini inamwogopesha. Halafu nikasikia susu anaimba. Ule wimbo wake wa kulala, wa Kikamba. Na mtoto akanyamaza, kwa susu huyo lazima anyamaze. Mtu wa picha akatoka amekunja uso, akasema nyanya anatuharibia kazi, picha imeenda bure. Daktari akaingia mwenyewe, akaongea chini kwa chini. Akatoka.

Kilio kikaanza tena. Mimi nimeweka paji kwa mlango. Kimekwaruza, hana nguvu, katikati kinakatika anatafuta hewa. Ile siku ya mkeka nilisema kilio ni kitamu. Ananiita mimi, halafu anaita susu, na susu yuko pale pale amemshika na hamjibu. Sikusikia wimbo. Nilikuwa nasema kwa mbao ya mlango, mwache alie mwaitu, mwache alie. Na mkono wangu wenyewe ulikuwa kwa kitasa.

Ikaisha.

Susu alitoka na Nzula begani, amelala kwa uchovu, mpira umewekwa tena. Akaketi hapa. Leso imelowa kifuani, sijui ni machozi ya nani. Akasema, "Nimejiacha nikalia." Tu. Akanipa mtoto, amesimama pale kwa mlango wa chumba cha picha, kama mtu anangoja kuitwa mbele ya chifu.

Sasa picha inakaushwa. Hii kitabu ilikuwa kwa kikapu chini ya nepi, ninaandika kwa magoti, Nzula mkononi mwingine. Ana moto. Mbavu zinaingia, zinatoka. Siwezi kufanya kitu kingine, kwa hivyo naandika.

Daktari alisema pande zikitofautiana, leo leo gari litatupeleka Nairobi, kuna bomba na taa wanaingiza kooni akiwa amelazwa usingizi, wanaitoa mbaazi. Nikauliza, na kama ziko sawa? Akasema basi tutatafuta tena. Lakini macho yake yalienda kwa mbavu.

Kwa hivyo ninaomba nini? Nimekaa hapa naombea picha mbaya. Mama gani huombea mtoto picha mbaya? Na nikiipata, ni susu atavunjika. Mungu, nipe yote mawili kama inawezekana, uone vile utafanya, mimi sijui. Na Mulinge anapiga nyundo huko hajui tuko wapi.

Mlango umefunguliwa. Mtu wa picha ameishika kwa ncha, bado inadondosha maji. Daktari ameiinua dirishani, anaonyesha upande wa kulia, umebaki mweusi, umejaa. Susu amesogea kabla aitwe, ameinua shingo. Ameangalia sana. Ameshika mdomo na leso.

Anageuka ananitafuta na macho na mimi niko hapa tu mbele yake. Ananiita. Haniiti wewe. Anasema mwaitu, mwaitu kuja, lete mtoto