Moyo wa Profesa Ohlendiek

Detlef! Uko? Weka hiyo soseji chini usome.

Unaijua ile chupa pale makumbusho, ninapojitolea kutembeza wageni? Yenye moyo wa nguruwe, ambao Profesa Ohlendiek alikuwa akifundishia wanafunzi wake?

Leo wageni walikuwa wanasinzia. Nikawaambia mzee yule alipasua maiti za mji mzima kutafuta kilichowaua, akawaumbua madaktari wenzake wote, na alipokaribia kufa akaagiza: "Na mimi mnipasue! Moyo wangu uwekeni hapa." Nikaigonga chupa. Ndio huu!

Mama mmoja akaangua kilio.

KILIO, Detlef!

"Mimi ni Roswitha, kitukuu chake," akasema. "Kumbe tulimzika nusu!"

Nikasema, mama, ngoja kwanza. Angoje wapi! Ameshaikumbatia chupa. "Babu, twende nyumbani."

Kumzika nusu, eti!

Ilibaki kidogo niseme kweli. Lakini yule mkurugenzi mpya alikuwa mlangoni, na wiki iliyopita tu aliniapia: "Bwana Wendelin, uongo mmoja tena, unarudisha funguo." Nageuka, na mkurugenzi mwenyewe anafuta machozi! Ananishika mkono!

Mazishi ni Jumamosi. Mchungaji amekubali, keki ya waombolezaji imeshaagizwa, na hotuba natoa mimi.

Na Roswitha anataka chupa ikae mbele ya madhabahu, watu wapite mmoja mmoja kuuaga moyo.

Detlef, umechinja nguruwe maisha yako yote. Nakupenda kama ndugu yangu. Jumamosi usikanyage kanisani.