Vigelegele Vilitangulia

Jumatano, Makoko. Upepo wa ziwani unavuma tangu asubuhi, na mvua inatishia tu bila kunyesha. Nimeshona mkono wa gauni la mteja kinyume, nikaufumua, nikaushona kinyume tena.

Naogopa.

Wiki iliyopita kikundi chetu cha akina mama kilikwenda zahanati kupima saratani ya mlango wa kizazi. Mmoja mmoja tulikuwa tunakwepa. Ndipo mwenyekiti wetu, Mama Magesa, akaweka utaratibu: twende wote, tuvae sare, asiondoke mtu getini mpaka wa mwisho atoke, na kila anayetoka apokelewe kwa vigelegele. Sare nilizishona mimi. Na kweli tulijaa, hata wale waliokuwa wanasema kipimo kinaharibu kizazi.

Zamu yangu ilipofika, nesi alipaka siki kwenye mlango wa kizazi, akatazama, akatazama tena. Akaniambia kwa upole kwamba pameonekana weupe. Huenda ni mabadiliko ya mwanzo tu na yanatibika, lakini lazima niende hospitali ya mkoa wakakate kinyama kidogo wakipime. Alhamisi. Niliitikia kama naambiwa bei ya nyanya.

Nikatoka. Kabla sijafungua mdomo, vigelegele! Wakanikumbatia, nikacheka nao, na kiuno nikatingisha.

Ningeanzaje kusema?

Alhamisi yenyewe ni kesho. Namtazama binti yangu Neema anavyokoroga uji huku anaimba nyimbo za shule. Yuko darasa la pili. Nani atamsuka? Naogopa kufa. Haya, nimeandika.

Mchana nilishaamua kutokwenda. Nilijidanganya kwamba weupe huo utaondoka wenyewe. Mficha maradhi kifo humuumbua: maneno hayo niliyasema mimi, kwa mdomo huu huu, nikimvuta jirani yangu aje kupima. Mganga hajigangi, kumbe.

Jioni Mama Magesa amekuja kuchukua sketi yake. Aliponiuliza mbona nimenyong'onyea, nikamwambia yote. Sauti ilinitoka nyembamba mpaka nikaionea aibu.

Akawaka. "Wewe Mama Neema! Sasa hizo sare tulishonaga za nini, za kupigia picha? Kesho asubuhi tuko hapa mlangoni kwako. Ukijificha tutaimba mpaka utoke."

Nikalia. Naye akalia, ila yeye huku ananigombeza. Kisha akaondoka, sketi akaisahau.

Nimeipiga pasi sare yangu. Sidhani kama usingizi utanijia. Lakini kesho nitakwenda. Nimemwomba Mama Magesa kitu kimoja tu: safari hii nikitoka chumba cha daktari, wasipige kigelegele hata kimoja mpaka wasikie nitakachosema.