Kete Nje ya Mkeka

Jumatano, 17 Januari 1912

Nimeitwa boma. Bwana Shauri, Mjerumani mkuu wa hapa, anataka mchezo mpya kwa sikukuu ya kuzaliwa kwa Kaizari, tarehe 27. Mlingoti uliopakwa mafuta wa mwaka jana uliishia ngumi – askari mmoja mrefu alipanda akashinda, watu wakasema miguu yake ni ya serikali. Safari hii anataka mchezo wa haki, asipatikane wa kulalamika. Ukiharibika atatafuta mwalimu mwingine wa shule yake. Alisema hivyo huku akitabasamu.

Haki! Hiyo ni hesabu tu. Na hesabu nani anaijua Dodoma hii kama mimi?

Ijumaa, 19 Januari

Nimepata. Kete nne za pwani, zile zenye mdomo na mgongo, na mkeka mmoja. Unarusha mara moja. Zote nne zikilala mdomo juu, umeshinda. Hakuna nguvu, hakuna urefu, hakuna cheo. Mzee na kijana, Mgogo na Mrangi, wote sawa.

Kete nimenunua kwa Abbasi, yule mfanyabiashara wa Kondoa. Akauliza zawadi ni nini. Nikamwambia mtamba, Bwana Shauri anatoa mtamba mzima! Akacheka, akasema basi nianze kumtafutia kamba, maana huyo ni wake.

Jumapili, 21 Januari

Baada ya ibada nimekaa uani nikirusha. Kwa hesabu yangu zilipaswa kulala midomo juu mara moja katika kumi na sita. Zinalala karibu mara moja katika kumi! Nimerusha mpaka mke wangu Loisi akauliza kama nimeanza uganga.

Nilikasirika kidogo, kisha nikaelewa. Kete si sawa pande zote mbili, mdomo na mgongo vina uzito tofauti. Si kitu. Haki si kete ziwe sawa – haki ni kila mtu arushe kete zilezile. Nimeipenda sana sentensi hii. Kesho nitawaambia wanafunzi darasani.

Jumanne, 23 Januari

Kasoro nyingine, nimeiziba. Wa kwanza kurusha ana bahati kuliko wa mwisho, maana mchezo waweza kwisha kabla zamu yake haijafika. Kwa hiyo zamu zitapangwa kwa kura. Duru ikiisha bila mshindi, tunaanza tena.

Na sheria ya mwisho: kete moja ikitoka nje ya mkeka, mrusho umekufa. Bwana Shauri akauliza, je, watu hawataonewa kwa sheria hiyo? Nikamjibu mkeka ni mpana, hata mlevi hakosi. Akacheka sana. Amesema mimi ni mtu wa maana.

Ijumaa, 26 Januari

Leo nimemwona mtamba. Mwekundu, ana baka jeupe kwenye paji la uso. Nikaenda kumsifia kwa Loisi.

Akaacha kukoroga ugali. "Baba Hana, huyo ni wa mzee Matonya wa Msalato. Aliingia bustani ya boma akala kabichi, wakamzuia moja kwa moja. Wewe hukusikia?"

Sikusikia. Nilikuwa narusha kete.

Na si mtamba hivi hivi, Loisi akaniambia. Ni wa mahari ya Yotham, mwana wa Matonya, niliyemfundisha kusoma mwenyewe. Wakwe walikuja zizini, wakamchagua huyu, wakamshika paji la uso. Wakishamshika hawapokei mwingine. Asipofika kabla ya mavuno, binti anaolewa na mwingine, Nkuhungu.

Nikasema Matonya naye atarusha, atakuwa na bahati sawa na wengine. Loisi akanitazama. "Bahati sawa ya kupata ng'ombe wake?"

Lakini mchezo ni wa haki! Nimeukagua kila upande.

Jumamosi, 27 Januari – mchana

Naandika nyuma ya shule, Bwana Shauri anakula. Watu ni wengi, wametoka mpaka Miyuji. Gwaride limekwisha, mizinga imelia, mtamba amefungwa kwenye mti wa bendera.

Kura zikapigwa. Matonya akapata zamu ya mwisho kabisa. Watu zaidi ya sitini mbele yake! Mtamba ataondoka kabla mzee hajagusa kete. Akanisalimia tu, "Mbukwa, mwalimu," akaketi chini, Yotham pembeni yake.

Wa kwanza akarusha. Kete moja nje. Wa pili, nje. Wa tatu, nje. Nikawasogeza karibu. Wakarusha – nje! Vijana wanaompiga kwa rungu sungura anayekimbia, leo mkeka unawashinda. Nikapaza sauti, nikawaeleza sheria upya. Wakaitikia kwa heshima, wakaendelea kukosa.

Ilipofika zamu ya Abbasi nikajua ndiyo basi. Yule anamtaka mtamba kwelikweli. Akazitikisa kete muda mrefu, akamtazama mnyama, akamtazama mzee. Kisha akazimwaga miguuni pangu. "Mkono umeteleza, Mwalimu."

Hapo ndipo nilipoelewa, mimi mtu wa hesabu. Machozi yalinilenga, nikasingizia vumbi.

Matonya akasimama. Akarusha polepole, katikati ya mkeka. Midomo mitatu juu. Mgongo mmoja.

Watu wakajipanga tena, palepale, kama waliokwenda kuteka maji. Watarusha hata kesho.

Bwana Shauri akaja, uso mwekundu. Mchezo gani huu usio na mshindi? Eti nimewaambia nini watu hawa? Nikasema bahati, Bwana. Akasema vema, baada ya chakula mwalimu mwenyewe atarusha wa kwanza, naye Bwana Shauri atasimama palepale kutazama, tuone mkeka una ubaya gani. Na nikishinda, mtamba ni wangu.

Moja katika kumi. Si nyingi. Lakini si haba.

Loisi yuko kwenye umati, amembeba Hana.

Tarumbeta. Bwana Shauri ananiita. Mkeka ni mpana, hata mlevi hakosi – nilisema mwenyewe, mbele yake.

Mkono wa Abbasi uliteleza; mimi, bega la kulia limeanza kuniuma.